Nyumba Iliyofuliwa

Fundi Bila Msumari alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa mdomoni. Mikono yake haikuwa na tatizo. Mpe gogo, mpe patasi na msumeno wa mkono, atakutolea kiungo ambacho huoni pa kupitisha hata unywele. Lakini mwulize swali, na hasa uwe mkewe, ndipo utajuta kuzaliwa na ulimi.

Alhamisi hiyo asubuhi mkewe alimwuliza swali. Alikuwa amesimama uani na beseni la nguo za watu, anatafuta pa kupita, maana ua mzima ulikuwa umejaa mbao: nguzo nane, boriti sita, na ile mihimili mifupi kumi na miwili ya kushikilia pembe, ambayo fundi aliiita mikono. Kila ncha ilikuwa imechorwachorwa kwa makaa na penseli. Hapa mistari mitatu na duara, pale msalaba, kule kitu kama mguu wa kuku.

"Mume wangu, hii michoro yote ni ya nini?"

"Ya kufukuzia wadadisi."

"Mimi nauliza tu. Unaondoka leo, mtu akija akaniuliza nimwambie nini?"

"Mwambie wewe ni mpiga pasi. Mpiga pasi anaulizwa habari za kola."

Binti yao wa miaka kumi na sita alikuwa anachana nywele mlangoni. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, jamani. Nyumba ile baba akitania ilibidi mtu acheke, la sivyo utani unageuka kelele. Mama akapita zake na beseni lake mpaka kwenye kamba.

Sasa niwaambie ninyi alichokataa kumwambia mkewe. Ile michoro ndiyo ilikuwa nyumba yenyewe. Mbao zile zilitoka kwenye ghala la kiwanda alichokitumikia fundi kwa miaka ishirini na miwili. Kiwanda kilipofungwa, wakubwa walisema kiinua mgongo hakuna, chukua mbao. Akachukua. Zilikuwa ngumu kama jiwe, kila moja imepinda kivyake, na hakuna mbili zilizolingana. Kwa hiyo kila ulimi, ile ncha ya kuingia tunduni, aliukata baada ya kuulaza juu ya tundu lake, akifuata kilema cha kila mti. Viungo arobaini, na kila kimoja kina mwenzi mmoja tu duniani. Alama ndizo zilizosema nani wa nani. Fundi mwingine angezichonga kwa patasi zisifutike milele, lakini yeye alisema kuukwaruza mti mzuri kwa herufi ni ushamba. Tena kulikuwa na sababu ya pili, ambayo hakuisema kwa mtu: hakutaka mtu yeyote ajue kuzisoma. Ujuzi ule ndio ulikuwa mali yake ya mwisho, na alihisi akiugawa, hata kidogo, hata kwa mama wa mtoto wake, atabaki mtupu.

Familia hii ilikaa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka mkubwa wa fundi. Pembe ya kiwanja upande wa barabarani ilikuwa fungu la fundi tangu baba yao alipofariki, lakini karatasi zilikuwa kabatini kwa kaka. Na kaka alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima, akinywa soda: "Ile pembe ni yako, sikatai. Ila miaka sita unafuga majani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi jengo liwe limesimama, hata liwe mifupa mitupu. Lisiposimama, nalaza malori yangu pale, na tusilaumiane."

Anayejua kilichokuwa kinamngoja mke wa fundi Jumamosi hiyo, yaani keshokutwa yake, ni yule tu aliyewahi kuomba ufunguo wa choo. Choo cha uani kilikuwa kimoja, na ufunguo wake ulining'inia jikoni kwa mke wa kaka, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye hata mumewe alimwita Mwalimu. Ulipiga hodi, ukaomba, ukangoja. Mwalimu hakuwa na haraka. Siku moja alimwuliza binti, mbele ya wageni wa kiume, haja yenyewe ni ndogo au kubwa. Tangu siku hiyo mtoto alijibana mpaka afike shuleni. Mama yake aliiona nyumba ile ya mbao, hata kabla haijasimama, na kitu cha kwanza alichokiona ndani yake kilikuwa mlango wenye ufunguo wake mwenyewe.

Fundi akaondoka. Alikwenda mji wa pili kwa msimamizi wake wa zamani kuazima kapi na kamba za kuinulia, arudi kesho yake mchana.

Haikupita saa, Mwalimu akatokea uani na wageni wawili, mume na mke, watu wa viatu vya kung'aa.

"Ndiyo hii nyumba ya shemeji yangu," alisema. "Msishangae. Hata mimi mwanzo nilidhani mtu kabomoa choo cha stendi akatuletea milango yake. Si mnaona maandishi?"

Wageni wakacheka. Yule mwanamume aligusa nguzo kwa kidole, akakitazama kidole kimekuwa cheusi kwa makaa, akatoa leso akajifuta.

"Na watu wamealikwa Jumamosi," Mwalimu akaendelea. "Waje waone kuni zikisimama wima. Eti bibie, hamkuona aibu?"

"Michoro ni ya ndani, Mwalimu," mke wa fundi akajibu. "Mbao zikishasimama haitaonekana."

"Uchafu hauonekani? Haya." Mwalimu akaichukua ile leso mkononi mwa mgeni, akamrushia juu ya beseni. "Hii iwe tayari saa kumi. Usiichanganye na za watu."

Mke wa fundi aliiokota leso, akalitazama lile doa la makaa katikati. Miaka kumi na tisa alikuwa anafua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima, na hajawahi kumpa mtu shati la mwenzake. Hakuandika majina. Alizijua nguo kwa makovu yake: hii imeungua kidogo chini ya kwapa, hii kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa bluu, hii ina doa la wino lenye umbo la panya. Alikuwa analitazama doa, analitia akilini, ndipo analitoa. Mkono wake ulikuwa hauwezi kulipita doa. Kwake doa lilikuwa tusi.

"Lete brashi," akamwambia binti. "Lete na ule msasa wa baba yako."

"Mama, baba si atakasirika?"

"Baba yako kasema mimi niulizwe habari za kola. Hizi ni kola. Watu wakija Jumamosi hawatazikuta hivi."

Wakaanza. Kwanza maji ya sabuni na brashi, halafu msasa pale makaa yalipokuwa yameingia ndani, halafu mafuta ya mbao yaliyokuwa kwenye kopo chini ya kitanda. Waliinama Alhamisi nzima, na Ijumaa tangu alfajiri. Rangi iliyotoka chini ya vumbi la ghala iliwashangaza wote wawili, nyekundu ya kupendeza, na mti ukaanza kunukia. Mama alikuwa na furaha ambayo binti yake hakuwahi kuiona. Alikuwa anazisemesha mbao, akizijua kwa makovu yake kama nguo. "Wewe mwenye jicho lililoungua, nani kakuchora mguu wa kuku? Na wewe mwenye kovu la mnyororo, mistari mitatu na duara, kwani ulikuwa daftari? Haya, geuka, na huku pia." Binti alicheka mpaka akakaa chini. Wakamaliza saa sita mchana, mikono imechubuka, wakazipanga mbao vizuri kwa ukubwa wake: nguzo na nguzo, mikono na mikono. Wakaoga, wakabadilisha magauni, wakakaa wanangoja kusifiwa.

Fundi aliingia uani na kapi begani. Akasimama. Akaenda kwenye nguzo ya kwanza, akaigeuza ncha, akaitazama. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu mbiombio. Akapiga magoti akawa anasugua ncha ya boriti kwa dole gumba, kama kwamba akisugua sana alama itarudi.

"Ziko wapi?"

"Nini?" mkewe akauliza, bado anatabasamu.

"Alama zangu."

"Ule uchafu? Tumeutoa wote, mume wangu, mpaka ndani ya matundu. Tazama zinavyo..."

Hakumalizia, maana mumewe alikuwa anacheka. Alikaa chini mchangani, miguu mbele, akacheka kicheko kirefu kisicho na raha ndani yake, mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta.

"Njooni mwone!" akawaita. "Mke wangu kaifua nyumba. Kaisuuza na kuianika. Imebaki kuipiga pasi tu!"

Hapo ndipo mwanamke alipoanza kuelewa. Uso ulimshuka taratibu. "Zile zilikuwa na maana?"

"Zilikuwa na maana."

"Si ungeniambia? Nilikuuliza, baba. Jana tu nilikuuliza."

"Nikuambie wewe? Ng'ombe anaambiwa asikanyage miwani? Anafungwa tu kamba. Kosa langu ni hilo, sikukufunga kamba."

Binti safari hii hakucheka. Mama akapiga moyo konde, akasema, "Lakini nazikumbuka. Zote. Mguu wa kuku ulikuwa kwenye nguzo yenye jicho lililoungua, na mwingine wa namna hiyohiyo ulikuwa kwenye mkono wenye matobo mawili ya msumari. Mistari mitatu na duara..."

"Nyamaza."

"Mume wangu, nisikilize basi. Nguo mia mbili nazitenga bila..."

"Nimesema nyamaza! Unifundishe kazi na povu la sabuni viganjani?"

Akaenda dukani kwa kaka yake. Kaka alikuwa anapima misumari kwenye mizani. Alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho, bila kuacha kupima.

"Siku mbili tu, kaka. Jumatatu itakuwa imesimama."

"Nani kafuta?"

"Mke wangu."

"Basi akupe yeye hizo siku mbili. Mimi nimeshampa dereva neno langu." Akachota misumari mingine. "Au nikusaidie? Kilo kumi hizi hapa, gonga tu popote, itasimama. Wewe ni damu yangu, nakupunguzia bei."

Wateja wawili waliokuwa pale kaunta wakaangua kicheko. Fundi akatoka.

Alitumia mchana wote uliobaki kujaribu. Mbao zenyewe nzito, kila ulimi unahitaji watu wawili kuuinua mpaka kwenye tundu, na watu wenyewe ni mkewe na bintiye. Inueni. Haingii. Shusheni. Inueni nyingine. Migongo iliwauma hadi binti akalia chinichini. Mara mbili mama alisema kwa sauti ndogo, "Ile pale ndiyo mwenzake," na mara zote mbili fundi alichukua nyingine kwa makusudi. Ilipokaribia magharibi mama aliingia ndani kupika. Fundi akatazama mlangoni, akamwita binti amsaidie, akachukua ile ambayo mkewe alikuwa ameionyesha. Ikaingia yote, taratibu, kama mguu kwenye kiatu chake.

Akaitoa. Akairudisha kwenye lundo, ili kesho aipate mwenyewe.

"Unatazama nini?" akamwuliza binti.

"Hakuna, baba."

Giza lilipoingia alikuwa na viungo kumi na vinne, na aliviandika upya kwa patasi, kwa mikwaruzo mirefu ya hasira.

Jumamosi walikuja wabeba mizigo wanane kutoka sokoni, na kiongozi wao aliitwa Bonge. Majirani walikuja. Kaka alitoka na kiti chake cha dukani, akakiweka kivulini, Mwalimu kando yake. Barabarani palisimama lori, na dereva alikuwa anakula karanga dirishani.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Nguzo mbili zikalazwa chini, boriti katikati yake, mikono miwili pembeni, vigingi vya mti vikagongwa, halafu kapi na kamba: fremu ya kwanza ikainuka. Watu wakapiga makofi. Ikaja ya pili. Ile rangi nyekundu ilikuwa inameta juani na mtu mmoja pale nyuma akasema kwa dhati kabisa kwamba hajawahi kuona kitu kizuri namna ile. Mke wa fundi, aliyekuwa na ndoo ya maji ya kunywa ya vibarua, aliyasikia maneno hayo akageukia pembeni kufuta jasho ambalo halikuwa jasho.

Ya tatu ikagoma. Viungo vya fundi vilikuwa vimekwisha. Bonge alikuwa amebeba mkono mmoja begani, wa tatu kujaribiwa, na bega lilikuwa linawaka.

"Fundi, hii tuipeleke wapi?"

"Subiri."

"Tumesubiri tangu saa nne, fundi. Mimi si rafu ya duka."

Mke wa fundi alikuwa anampa maji kibarua wa pili. Alisema bila kuinua kichwa, "Igeuze. Ni ya nguzo ile yenye kovu la mnyororo."

Bonge hakumwuliza fundi. Akageuza, akaipeleka. Ikaingia.

"Haa! Na hii, mama?"

Mwanamke alimtazama mumewe. Mumewe alikuwa anatazama ardhi. "Hiyo iende upande wa pili, juu. Hapana, si hiyo ncha. Ile yenye jicho."

Ikaingia. Vibarua wakashangilia. Baada ya hapo hakuna aliyemgeukia fundi tena. "Mama, hii?" "Mama, na hii boriti?" Naye alijibu, mwanzo kwa woga, halafu kwa haraka, halafu kwa sauti ya mtu aliye kazini. Fremu ya tatu ikasimama. Ya nne ikasimama. Majirani walikuwa wameacha kupiga makofi, sasa wanacheka, maana mambo yenyewe yalichekesha kweli: fundi kasimama na nyundo yake mkononi kama mgeni aliyekosea harusi, na mpiga pasi ndiye anajenga.

Kaka alikuwa ametoa meno yote thelathini na mawili. "Kumbe miaka yote tunakosea!" alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lori. "Fundi ni shemeji! Mdogo wangu, usikae bure basi, kawashe pasi, nguo za watu zisilale."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani.

Na hapo mke wa fundi akafanya kosa lake la pili, kubwa kuliko la sabuni. Alitabasamu. Hakumcheka mumewe, hata kidogo. Alikuwa ameitazama nyumba, nguzo nane angani, nyumba yake, na uso ukamponyoka. Lakini fundi alikuwa anamtazama yeye.

Zilibaki boriti mbili ndefu, za kulala juu ya vichwa vya nguzo na kuzifunga fremu zote pamoja. Ya kwanza ilikaa palepale. Ilipoinuliwa ya pili, fundi alipanda ngazi na ile nyundo kubwa ya mti.

"Baba," mkewe akasema kutoka chini, polepole, ili watu wasisikie. Binti ndiye aliyesikia, maana alikuwa ameshika mguu wa ngazi. "Imekaa kinyume. Kichwa chenye ufa kiende nyuma. Tafadhali, mume wangu. Sema wewe. Waambie wewe mwenyewe waigeuze."

Angalieni mwanamke huyu alivyokuwa anampa njia. Angesema fundi, sifa ingekuwa yake. Nyumba ingekuwa yake, na kicheko kingezimika kwa wiki moja.

"Bonge," fundi akaita, "iache hivyohivyo. Shikeni."

Akagonga. Matundu matatu yakakubali kidogo, kwa shida. La nne, la nguzo ya pembeni, likakataa. Akagonga tena.

"Fundi, mti unalia," Bonge akasema.

"Ukilia unaingia."

"Baba, geuza," binti akasema chini ya ngazi. "Mama kasema..."

Alipiga pigo la tatu kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, na mwenye macho aliona kwamba hakuwa anapiga boriti. Nguzo ilipasuka kutoka kichwani hadi kiunoni kwa mlio mmoja. Boriti ikajipinda, ikakata ulimi wa nguzo ya jirani, mifupa yote ya jengo ikaanza kuinama. Vibarua waliruka kwenye kamba, wakaning'inia, wakaishusha kidogokidogo mpaka chini huku wengine wakipiga kelele. Hakuna aliyeumia. 

Vumbi lilipotulia, fundi alishuka ngazi. 

"Si mmeona?" akasema. "Si mmeona wenyewe alichonifanyia?"

Alimwonyesha mkewe kwa nyundo. Bonge alifungua kinywa, akakumbuka nani anamlipa, akakifunga.

Kaka alinyanyuka kwenye kiti, akaja taratibu mpaka katikati ya mbao. Hakuwa anacheka tena. Alikuwa na uso wa mtu mzima anayetaka haki.

"Mimi si mnyama," alisema. "Hebu tujue ukweli. Kama ni fundi ndiye kapasua, basi ufundi umekwisha, hata nikimpa mwaka ni yaleyale. Kiwanja kimekwenda. Lakini kama ni mama na sabuni yake, mdogo wangu kaonewa, nami nitampa mwezi mzima arekebishe. Tusibishane. Tumwulize asiye na upande." Akamgeukia binti. "Njoo, mwanangu. Mwambie baba mkubwa. Nani kaivunja nyumba hii?"

Binti alikuwa bado kashika ngazi. Alimtazama baba yake. Baba aliitikia kwa kichwa, kidogo sana, kumwambia sema. Mtoto alijua. Alikuwa ameona ile mbao ikiingia Ijumaa jioni na ikitolewa. Alikuwa amesikia kila neno chini ya ngazi. Lakini alifikiria mwezi mmoja. Siku thelathini, na baada yake mlango wao wenyewe.

Mama naye alikuwa ameshapiga hatua mbele. Alikuwa ameshavuta pumzi.

"Ni mama," binti akasema.

"Sikusikia."

"Ni mama! Yeye ndiye kafuta! Baba hana kosa!" Akaanza kulia, na kwa sababu alikuwa analia ilibidi aendelee ili machozi yapate sababu. "Alikatazwa asiguse, akagusa. Kila siku anajifanya anajua. Ni yeye!"

Alikatazwa na nani? Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyeuliza pia.

Kaka aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepewa jibu zuri. Halafu akarudi kivulini, akabeba kiti chake, akapunga mkono kuelekea barabarani.

"Dereva! Ingia."

"Kaka!" fundi akamkimbilia. "Umesema mwezi! Watu wote wamesikia, umesema mwezi!"

"Nimesema jengo lisimame Jumamosi. Limesimama?"

"Sasa mtoto ulimwuliza wa nini?"

"Nilitaka tu kujua mmemleaje," kaka akajibu, akaingia dukani na kiti chake. Mwalimu akamfuata.

Lori likawaka. Majirani wakatawanyika mmojammoja, wakisimuliana tangu hapo getini kisa cha mwanamke aliyeifua nyumba, na hilo ndilo jina alilobaki nalo mtaani. Wiki ile ile wateja watatu walichukua nguo zao. Walisema mtu asiyejua kipi ni uchafu na kipi si uchafu anatisha.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Saa ile dereva alikuwa anapiga honi, na mbao zilikuwa zimelala njiani mwake. Vibarua walikuwa wamemzunguka fundi wakidai ujira wao, hakuna aliyekuwa tayari kubeba tena. Mke wa fundi aliinama, akashika ncha ya boriti ndefu, ile iliyobaki nzima.

"Shika huko," akamwambia binti.

Binti akashika. Mti mrefu namna ile ukibebwa na wawili, mmoja hana budi kutembea kinyumenyume, wanatazamana. Binti alijitahidi kutazama mbao. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Msizikwaruze!" fundi akapaza sauti kutoka katikati ya vibarua.

Walibeba mpaka ukutani, wakaitua. Mama akanyoosha mgongo, mkono kiunoni. Honi ikalia tena.

"Mama," binti akasema, "mimi nilidhani atatupa ule mwezi."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Mama, nisamehe."

Mama alimtazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, ila uchovu. "Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nataka kusema, ni mimi. Ungeniachia niseme mwenyewe."

Akarudi kwenye mbao, akainama kwenye nguzo inayofuata, akangoja mtoto aje ashike upande wake.